Umeitwa kwenye juri Uingereza: jinsi ya kumsikiliza jaji anapotaja makosa ya nyuma ya mshtakiwa

Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda mwenye kibali cha kuishi Uingereza anaruhusiwa kujiandikisha kupiga kura huko hata kabla hajachukua uraia, kwa kuwa nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola. Wengi hujiandikisha bila kujua kwamba majina ya wanajuri huchotwa kwa bahati nasibu kwenye daftari hilohilo. Ukiwa na umri wa miaka 18 hadi 75, na umewahi kuishi nchini humo kwa kipindi kisichopungua miaka 5 tangu ulipotimiza miaka 13, barua ya wito inaweza kukufikia. Ukiipuuza unaweza kutozwa faini hadi pauni 1,000.

Wengi wetu hatukukulia penye juri. Kenya iliwaondoa wazee wa baraza katika kesi za jinai mwaka 2007, na hata walipokuwepo kazi yao ilikuwa kutoa maoni. Aliyeamua alikuwa jaji. Tanzania nako mwenye neno la mwisho ni jaji au hakimu. Katika Crown Court ya Uingereza, mahakama inayosikiliza kesi nzito za jinai, watu 12 wa kawaida ndio wanaosema kama mshtakiwa ana hatia au hana. Jaji anawaeleza sheria, anawakumbusha ushahidi, kisha anawaachia.

Sehemu ngumu kuliko zote katika maelezo yake, kwa maoni yangu, ni pale anaposema: "Mmesikia kwamba mshtakiwa aliwahi kutiwa hatiani huko nyuma." Papo hapo vichwa 12 vinaanza kufanya kazi, na si vyote vinafanya kazi inayotakiwa. Sisi tuna msemo kwamba mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi, na kila taifa lina wa kwake unaofanana na huo. Sheria haidai kwamba msemo huo ni uongo mtupu. Inadai kitu kigumu zaidi: kwamba makosa ya nyuma yatumike kujibu swali moja mahususi, na kwamba usiyatumie kabisa mpaka ulijue swali hilo ni lipi. Mwongozo huu unahusu jinsi ya kulijua.

Nazungumzia Uingereza na Wales tu. Ireland ya Kaskazini ina sheria inayokaribiana sana na hii, ila Uskoti ina utaratibu wake, na juri yake ni ya watu 15.

Hatua ya 1: Usimtafute mshtakiwa kwenye simu

Hili linaanza siku unayoapishwa, kabla hata hujasikia neno lolote kuhusu mwenendo wa mtu. Mwaka 2011, katika kesi iliyokuwa ikisikilizwa Luton, mwanajuri mmoja, mhadhiri wa chuo kikuu, aliingia mtandaoni, akagundua kwamba mshtakiwa aliwahi kutuhumiwa kwa ubakaji, akawaeleza wenzake. Kesi ilivunjwa ikabidi ianzwe upya, na Januari 2012 Mahakama Kuu ikamhukumu mwanajuri huyo kifungo cha miezi 6 kwa kuidharau mahakama. Tangu mwaka 2015 kufanya utafiti wa namna hiyo ni kosa la jinai linalojitegemea, na adhabu yake inafika miaka 2 jela.

Watu huuliza: kama habari ni ya kweli, ubaya uko wapi? Ubaya ni kwamba mshtakiwa hajui umeisoma. Hawezi kuijibu. Wakili wake hawezi kusema "huyo ni mtu mwingine mwenye jina kama la mteja wangu" au "shtaka hilo lilifutwa". Na jaji hawezi kukuelekeza uitumie vipi, kwa sababu naye hajui kwamba unayo kichwani.

Hatua ya 2: Fahamu nini kinahesabiwa kuwa mwenendo mbaya

Sheria inayotawala ni Sheria ya Haki ya Jinai ya mwaka 2003, vifungu vya 98 hadi 113, iliyoanza kutumika kwenye eneo hili Desemba 2004. Mwenendo mbaya maana yake ni kutenda kosa la jinai, au tabia nyingine ya kulaumiwa. Kwa hiyo si lazima mtu awe amewahi kutiwa hatiani. Ujumbe wa simu wa kutisha, ugomvi ambao haukufika polisi, hata tukio ambalo mahakama ilimwachia huru, vyote vinaweza kuletwa. Hilo la mwisho huwashangaza wengi, lakini lilikwisha kuamuliwa na House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, mwaka 2000 katika kesi ya R v Z.

Kisichohesabiwa ni yale yanayohusu kisa chenyewe kinachosikilizwa. Mtu akishtakiwa kwa kumchoma mwenzake kisu, na shahidi akasema alimwona akimtukana na kumpiga teke dakika moja kabla, huo si ushahidi wa mwenendo mbaya kwa maana ya sheria hii. Ni sehemu ya tukio. Utausikiliza kama ushahidi mwingine wowote, na jaji hatakupa onyo maalumu juu yake.

Hatua ya 3: Jiulize habari hiyo imeingia kwa mlango gani

Kuna wakati mtaambiwa mtoke nje, mkae kwenye chumba chenu saa nzima bila maelezo. Msikasirike. Mara nyingi mawakili wanabishana mbele ya jaji kama rekodi ya mshtakiwa isomwe kwenu au isisomwe, na kama mngekuwepo mngekuwa mmeshaisikia. Uamuzi hutolewa mahakamani mkiwa nje, na jaji analazimika kutoa sababu zake.

Sheria ina milango 7. Baadhi ni rahisi: pande zote zimekubaliana, au mshtakiwa mwenyewe ameamua kuitaja ili asionekane anaficha. Mwingine ni pale mshtakiwa anapojitia usafi asiokuwa nao, akasema hajawahi kuguswa na polisi maishani, basi upande wa mashtaka unaruhusiwa kusahihisha picha hiyo. Washtakiwa wawili wanaotupiana lawama nao wana mlango wao. Mitatu iliyobaki inahitaji uangalifu zaidi.

Kwanza ni mlango wa maelezo. Wakati mwingine kisa hakieleweki bila kujua jambo fulani baya. Mtu ameshtakiwa kwa kumpiga mfungwa mwenzake. Huwezi kuelezwa kisa hicho bila kujua kwamba walikuwa gerezani. Ukisikia habari imeingia hivyo, jaji atakuambia imetajwa ili uelewe mazingira tu. Haithibitishi kitu kingine chochote.

Pili ni mlango wa hoja kuu ya kesi, na huu ndio unaotumika zaidi. Hapa upande wa mashtaka unasema kwamba makosa ya nyuma yanaonyesha mshtakiwa ana mwelekeo wa kutenda makosa ya aina hii. Huweza pia kusema yanaonyesha ana mwelekeo wa kusema uongo, lakini Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba wizi na uongo ni vitu viwili. Mtu aliyewahi kuiba dukani akakiri siku ileile hajaonyesha kwamba ni mwongo. Amewahi kuiba, basi.

Tatu ni mlango wa shambulio. Mshtakiwa akisema askari ametunga ushahidi, au mlalamikaji ni tapeli, juri inaweza kuambiwa rekodi yake ili ijue anayemtuhumu mwenzake ni mtu wa namna gani.

Katika hiyo miwili ya mwisho, mshtakiwa akipinga, jaji hataruhusu ushahidi uingie ikiwa utaathiri haki ya kesi kiasi kwamba haufai kupokewa. Kwa hiyo kuna mambo mengi ya nyuma ambayo hutayasikia, na usijaribu kuyakisia.

Sheria haikuwa hivi zamani. Kwa zaidi ya miaka 100 kanuni ilikuwa kwamba juri isisikie makosa mengine ya mshtakiwa, isipokuwa pale yanapothibitisha jambo la maana mno. Mfano mashuhuri ni wa George Joseph Smith, aliyeshtakiwa London mwaka 1915 kwa kumuua Bessie Mundy, mwanamke aliyemwoa na ambaye alikutwa amekufa maji kwenye bafu huko Herne Bay mwaka 1912. Kifo hicho peke yake kingeweza kuwa ajali. Lakini juri ilielezwa kwamba Alice Burnham naye alikutwa amekufa kwenye bafu Blackpool mwaka 1913, na Margaret Lofty vilevile London mwaka 1914, kila mmoja akiwa ameolewa na mtu huyohuyo, na kila mara mtu huyo alikuwa na fedha za kupata kutokana na kifo hicho. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba Smith ni mtu mbaya. Swali lilikuwa: inawezekana ajali ya aina moja impate mume mmoja mara 3? Alitiwa hatiani, akanyongwa mwaka huohuo. Nautaja mfano huu kwa sababu unaonyesha waziwazi maana ya kutumia yaliyopita kujibu swali moja.

Kwetu, Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 bado imekaa karibu na mtazamo wa zamani, kwa kufuata mfano wa sheria ya India ya mwaka 1872: mwenendo mbaya wa mshtakiwa hauna uzito mpaka yeye mwenyewe adai kwamba ana mwenendo mzuri. Msomaji aliyezoea hivyo anaweza kushtuka anapoona Uingereza rekodi zinasomwa mahakamani. Zinasomwa, lakini na maelekezo juu yake.

Hatua ya 4: Sikiliza maelekezo yenyewe, na uyasome

Siku hizi majaji wengi hugawa maelekezo kwa maandishi, pamoja na karatasi ya maswali ambayo juri inayafuata moja baada ya jingine mpaka ifikie uamuzi. Majaji wana kitabu chao cha mwongozo, Crown Court Compendium, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2016, lakini hawatakiwi kukisoma kama kasuku. Katika kesi ya R v Campbell ya mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ilisema maelekezo yawe ya lugha nyepesi na yafungamane na kisa kilichopo. Kabla ya hapo, mwaka 2005, kesi ya R v Hanson ilikuwa imeweka mambo ambayo juri lazima iambiwe.

Tuchukue kisa cha kutunga. Mtu anashtakiwa kwa kuvunja nyumba usiku. Mwizi alichokonoa fremu ya dirisha la jikoni kwa bisibisi, akaingia, akachukua funguo za gari zilizokuwa mezani, akaondoka na gari. Kamera ya jirani ilinasa mtu aliyevaa kofia, picha hafifu. Kuna alama ya kiatu inayofanana na kiatu cha mshtakiwa, ila ni kiatu kinachouzwa kila mahali. Mshtakiwa anasema alilala kwa dada yake. Rekodi yake: mwaka 2017 na 2019 alikiri kuvunja nyumba kwa kupitia dirisha la jikoni na kuchukua funguo za gari. Mwaka 2014 alikutwa na bangi, na 2015 alipigana nje ya baa.

Jaji amekataa habari za bangi na ugomvi. Juri haitazisikia. Kuhusu zile mbili zilizobaki, maelekezo yake yanaweza kuwa kama haya, ambayo nimeyaandika mwenyewe nikifuata yale ambayo Hanson inataka yawemo:

"Mmesikia kwamba mwaka 2017 na mwaka 2019 mshtakiwa alikiri kuvunja nyumba. Nitawaeleza kwa nini mmeambiwa hivyo, na jinsi mnavyoweza kulitumia jambo hilo. Upande wa mashtaka unasema makosa hayo yanaonyesha kwamba ana mwelekeo wa kuvunja nyumba kwa njia hii hasa, na kwamba hilo linaongeza uwezekano kuwa ndiye aliyefanya hivyo safari hii. Upande wa utetezi unasema kuingia kwa dirisha la jikoni ni njia ya kawaida ya wezi wengi, kwamba makosa yale ni ya zamani, na kwamba mara zote mbili alikiri bila kuzungushana, wakati safari hii anakana. Ni juu yenu kuamua kama makosa yale yanaonyesha mwelekeo huo. Kama hamna uhakika, yawekeni kando, msiyape uzito wowote. Kama mna uhakika, mnaweza kuyazingatia pamoja na ushahidi mwingine wote, lakini kumbukeni kwamba mtu mwenye mwelekeo fulani si lazima awe ametenda kosa hili. Mwelekeo ni sehemu ndogo tu ya picha. Msimtie hatiani kwa sababu tu, wala hasa kwa sababu, ya aliyoyafanya zamani."

Hatua ya 5: Tafuta mambo matano ndani ya maelekezo hayo

Maelekezo yakiwa mbele yako, yapitie ukitafuta haya. Tia alama kwa kalamu.

Tafuta kwanza kusudi: kwa nini umeambiwa. Katika mfano wetu ni mwelekeo wa kuvunja nyumba kwa njia fulani. Si kwamba ni mwongo, si kwamba ni mtu asiyefaa mtaani.

Kisha tafuta hoja za utetezi juu ya rekodi hiyo. Jaji anatakiwa azitaje. Watu huziruka haraka kwa kudhani mtu mwenye rekodi hana la kusema. Hapa analo zito: mara mbili alipokosa, alikiri. Je, hilo linakuambia nini kuhusu kukana kwake leo? Pengine halisemi kitu, pengine linasema mengi, lakini unatakiwa ulipime.

La tatu ni kiwango cha uthibitisho. Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya R v Mitchell iliyotoka Ireland ya Kaskazini mwaka 2016, ilisema kwamba juri lazima iwe na uhakika kuwa mwelekeo upo kabla ya kuutumia. Ila haihitaji kuthibitisha kila tukio la zamani peke yake kana kwamba ni kesi kamili. Inaweza kuyaangalia yote kwa pamoja. Pale ambapo mtu alishatiwa hatiani, sheria inachukulia kwamba alitenda kosa hilo, na akidai hakulitenda, mzigo wa kuthibitisha uko kwake.

La nne ni idadi na umri wa makosa. Hanson haikuweka kima cha chini. Kosa moja la zamani mara nyingi halitoshi kuonyesha mwelekeo, lakini linaweza kutosha likiwa la kipekee. Mahakama ilitoa mfano wa kuchoma moto na wa kuwadhulumu watoto kingono. Makosa ya miaka mingi iliyopita hupungua uzito, hasa kama katikati mtu ametulia.

La tano ndilo la kushikilia kuliko yote: katazo la kumtia mtu hatiani kwa sababu tu au hasa kwa sababu ya rekodi. Hanson ilisema pia kwamba ushahidi wa namna hii usitumike kuipa nguvu kesi dhaifu, wala kuichochea juri imchukie mtu. Naliona kuwa kiini cha jambo lote. Kama alama ya kiatu haikushawishi, picha ya kamera haikushawishi, na hadithi ya dada yake haijavunjwa, makosa mawili ya zamani hayawezi kuwa daraja la kukuvusha kutoka kwenye shaka mpaka kwenye uhakika.

Hatua ya 6: Angalia kama kesi yako ni ya aina tofauti

Kesi nyingine hazina rekodi yoyote, ila zina mashtaka mengi kwa pamoja. Wanawake watatu wanadai mtu mmoja aliwashika kwa nguvu, nyakati tofauti. Je, unaweza kutumia madai ya mmoja kupima ya mwingine? Jaji atakueleza kama inaruhusiwa na kwa njia ipi, na njia ziko mbili. Ya kwanza ni ya kujiuliza kama inawezekana watu watatu wasiojuana watunge hadithi zinazofanana, na hapa lazima kwanza uwe umeondoa uwezekano kwamba walipanga, au kwamba mmoja alimsikia mwenziwe. Ya pili ni ya mwelekeo: ukishakuwa na uhakika juu ya dai moja, ndipo unaweza kuuliza kama linaonyesha mwelekeo unaosaidia kwenye mengine. Usizichanganye. Katika njia ya kwanza unayaweka madai yote mezani kwa pamoja tangu mwanzo. Katika ya pili unaanza na moja mpaka umalize. Hata hivyo kila shtaka lina uamuzi wake, na inawezekana kabisa kumtia mtu hatiani kwa moja na kumwachia kwa mengine.

Shahidi naye anaweza kuwa na rekodi. Kifungu cha 100 cha sheria ileile ya 2003 kinaruhusu itajwe kwa masharti makali, na jaji atawaeleza inahusu nini, mara nyingi kama aaminike au asiaminike.

Na kuna upande wa pili. Mshtakiwa asiye na rekodi ana haki ya maelekezo ya mwenendo mzuri, ambayo kesi ya R v Vye iliyaweka wazi mwaka 1993: usafi wake unasaidia kuaminika kwake, na unapunguza uwezekano kwamba alitenda kosa hili. Unasaidia tu. Mtu safi anaweza kukosa kwa mara ya kwanza.

Hatua ya 7: Ndani ya chumba cha majadiliano

Hapa ndipo maelekezo yote hushinda au hushindwa, na hakuna jaji anayewaona. Napendekeza mpangilio mmoja ambao sheria haikulazimishi kuufuata, lakini naamini unamlinda kila mtu: acheni rekodi mwisho. Anzeni na ushahidi wa tukio lenyewe. Kamera imeonyesha nini? Dada yake alikuwa shahidi wa namna gani? Kila mmoja aseme amefikia wapi. Kisha, na hapo ndipo, fungueni ukurasa wa makosa ya nyuma, mjiulize: je, mwelekeo upo? Kama upo, unabadilisha kitu gani katika yale tuliyokwisha kuyajadili?

Mkianza na rekodi, picha hafifu ya kamera itaanza kufanana naye. Kofia itakuwa kofia yake. Ushahidi uleule utakuwa umebadilika sura kwa sababu tu ya mpangilio.

Atakuwepo mtu wa kusema "mwizi ni mwizi". Usigombane naye. Mwambie msome pamoja karatasi ya jaji, muulize: "Ukiiondoa rekodi, ni ushahidi gani mwingine unaokushawishi?" Akiwa nao, vizuri, mjadili huo. Asipokuwa nao, atakuwa amejijibu mbele ya wote.

Usiogope kubaki peke yako pia. Juri hutakiwa kwanza kukubaliana wote. Uamuzi wa wengi, yaani 11 kwa 1 au 10 kwa 2, unawezekana tu baada ya muda usiopungua saa 2 na kwa ruhusa ya jaji. Uliapa kuamua kwa ushahidi.

Hatua ya 8: Kama hujaelewa, andika

Hakuna mkalimani wa kumtafsiria mwanajuri Kiingereza kwa lugha nyingine ya kusemwa. Mwanajuri asiyekijua Kiingereza vya kutosha huondolewa na jaji, na si aibu kusema mapema kwamba lugha itakushinda. Lakini hata anayekizungumza kila siku kazini anaweza kukwama kwenye sentensi ya kisheria. Andika swali kwenye karatasi, mpe mhudumu wa mahakama, naye atalifikisha kwa jaji. Uliza moja kwa moja: "Je, tunaweza kutumia makosa ya 2017 kuamua kama anasema kweli kuhusu dada yake?" Hilo ni swali zuri na jaji atalijibu mbele ya mawakili wote. Usiandike mmegawanyika vipi kwa kura.

Andika pia kama kuna jambo limepenya bila kukusudiwa. Shahidi amebwata "si ndiyo kwanza ametoka jela!", au mwenzako amekuja na alichosoma mtandaoni. Usisubiri kesi iishe, kwa sababu jaji ana njia za kulirekebisha mapema: kuwaonya, kumwondoa mtu mmoja, au kuivunja juri nzima.

Hatua ya 9: Baada ya uamuzi

Mkisema ana hatia, wakati wa kupanga adhabu upande wa mashtaka utaeleza rekodi yake yote, na mnaweza kusikia mambo ambayo hamkuambiwa. Katika mfano wetu, bangi na ugomvi vitatajwa hapo, kwa sababu swali sasa ni adhabu, na adhabu ni kazi ya jaji peke yake. Mkimwachia huru, hakuna cha kusomwa, naye anaondoka.

Yaliyosemwa chumbani kwenu yanabaki siri kwa sheria, maisha yako yote, hata kwa mume au mke, hata kwenye kundi la WhatsApp la nyumbani. Kuyafichua ni kosa. Ila sheria imeacha nafasi: ukiamini kwamba mwenzako alivunja sheria mle ndani, kwa mfano alifanya utafiti wake mwenyewe juu ya mshtakiwa, unaweza kuiarifu mahakama au polisi hata kama kesi imekwisha. Mshtakiwa aliyetiwa hatiani kwa njia hiyo bado anaweza kufika Mahakama ya Rufani.